Kalamu Nyepesi

Wazee wetu walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sijui jambo linaloithibitisha methali hii kuliko kompyuta. Kila mwaka hutujia kitu kipya, nasi hukipokea kwa vigelegele kabla hatujauliza kimekuja kutufanyia nini na kitakula nini ndani ya nyumba. Katika kurasa hizi ninagombana na kitu kimoja tu miongoni mwa hivyo, tena kidogo, hata msomaji asiyefanya kazi ya kompyuta anaweza kushangaa kwamba mtu mzima anakikunjia ngumi. Namwomba anivumilie. Kitu hicho kidogo ndicho mlango ambao kijana wetu wa Malindi anapitia kuingia katika kazi ya kuandika programu, na mlango huo tunaufanya mwembamba kwa mikono yetu wenyewe.

Programu yoyote ya kompyuta, iwe ya benki au ya simu ya mkononi, mwanzo wake ni maandishi. Mtu hukaa akaandika mistari ya amri, herufi baada ya herufi, kama aandikaye barua. Ili aandike anahitaji chombo cha kuandikia, nacho ni programu nyingine ambayo vijana huiita edita. Edita si kama zile programu za kuchapia barua za afisi, zenye hati nene na hati za mlazo. Kazi yake ni kuziweka herufi tupu katika faili, kuzisahihisha na kuzihifadhi, basi. Juu ya chombo hiki waandishi wa programu duniani wamegombana kwa karibu miaka hamsini, na ugomvi wao haupishani sana na ule wa Simba na Yanga tunaousikia kila jioni mabarazani, isipokuwa mechi ya Simba na Yanga ina dakika 90, kisha mwamuzi hupiga filimbi.

Kambi ya kwanza inasema edita iwe nyepesi: ifunguke mara moja, ioneshe maandishi, itii amri chache, ikae kimya. Kambi ya pili inasema edita iwe karakana nzima: ikukamilishie maneno, ikupigie mistari myekundu chini ya makosa, ikuendeshee programu, ikupangie mafaili, na siku hizi ikuandikie hata lile ambalo hujalifikiria bado. Mimi ni wa kambi ya kwanza, wala sijifanyi mwamuzi. Lakini ninayoyasema si ya ushabiki. Ushabiki haumgharimu mtu kitu, na jambo hili lina watu wanaolilipia.

Ugomvi wenyewe una nasaba. Mwaka 1969 Ken Thompson, katika maabara za Bell huko Marekani, aliandika edita iitwayo ed. Ilikuwa bahili wa maneno: mtu akikosea hujibiwa kwa alama moja tu ya kuuliza, wala haelezwi kosa lake ni lipi. Mwaka 1976 Bill Joy, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alianza kuandika edita ambayo mpaka leo inaitwa vi. Joy alikuwa akifanya kazi kwa modemu ya simu iliyopitisha kiasi cha herufi 30 kwa sekunde. Skrini ya wakati ule ilikuwa na mistari 24 yenye nafasi 80 kila mmoja, yaani herufi 1,920. Piga hesabu, msomaji: kuijaza skrini moja kulitaka zaidi ya dakika nzima. Mtu aliyefungwa namna hiyo hana nafasi ya mbwembwe. Alitengeneza chombo ambacho herufi moja ni amri kamili: x hufuta herufi, dd hufuta mstari mzima, na h, j, k, l hukupeleka kushoto, chini, juu na kulia, kwa sababu kibodi aliyokuwa nayo ilichorwa mishale juu ya vitufe hivyo hivyo vinne.

Mwaka huohuo wa 1976, upande wa pili wa Marekani, katika chuo cha MIT, Richard Stallman akishirikiana na Guy Steele walianzisha Emacs, nayo ndiyo mama wa kambi ya pili. Toleo lake huria, GNU Emacs, lilitoka 1985 na linaendelea kutengenezwa mpaka leo. Ndani ya Emacs mtu anaweza kusoma barua zake, kucheza mchezo wa Tetris, kuzungumza na daktari wa bandia anayemuuliza habari za moyo wake, na kutazama kalenda. Kalenda yenyewe inajua hata tarehe ya Hijria, ingawa kwa hesabu tu. Haisubiri mwezi uandame kama tunavyosubiri sisi. Wapinzani wake walizoea kutania kwamba Emacs ina kila kitu, imekosa edita nzuri tu.

Na tusidhani hii ni habari ya Wazungu peke yao. Mholanzi Bram Moolenaar aliichukua vi akaiunda upya, akaanza kuigawa kwa umma mwaka 1991 kwa jina la Vim. Mwaka 1994 alikwenda kufanya kazi ya kujitolea huko Kibaale, kusini mwa Uganda, katika kituo cha watoto, akishughulikia maji na usafi. Ilikuwa sehemu ambayo UKIMWI ulikuwa umeacha mayatima wengi. Programu yake hakuitia bei. Aliitia ombi: anayeipenda, na awasaidie watoto wa Kibaale. Kwa miaka mingi watu wa mataifa yote waliofungua Vim bila ya kufungua faili lolote waliukuta katikati ya skrini tupu mstari unaowaomba wawasaidie watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, na toleo la 9.1 lililotoka Januari 2024 lilitolewa kwa kumkumbuka. Ninayataja haya kwa sababu vijana wetu huniambia kwamba edita nyepesi ni mambo ya kale ya watu wa mbali. Umbali gani? Kutoka Kibaale mpaka ukingo wa Ziwa Viktoria si safari ya kutwa, na ng'ambo ya ziwa hilo ni Tanzania.

Sasa nije nyumbani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisomesha vijana baada ya sala ya alasiri katika chumba kimoja hapa Malindi, upande wa Funguni. Chumba kina meza mbili na dirisha moja, na upepo ukigeuka tunapata habari zote za soko la samaki bila ya kuuliza. Vijana huja na kompyuta walizonazo, za mkono wa pili na wa tatu, zilizotoka Dubai au Dar es Salaam. Nyingine betri zake zimekufa. Moja kibodi yake haikuwa na herufi m, na mtu ajaribu kuandika Kiswahili bila ya m.

Binti mmoja alikuja kwangu baada ya kuyaacha mafunzo aliyokwisha kuyalipia ada. Mahali alipokuwa akisoma sipataji. Siku ya kwanza waligawiwa orodha ya vitu vya kutia katika kompyuta zao: edita iliyosheheni, viongezeo vyake kumi na kitu, na akaunti ya kufungua ili yule msaidizi wa kuandika aweze kufanya kazi. Kompyuta ya binti huyu ilikuwa na memori ya gigabaiti 2. Edita ilichukua dakika kadhaa kufunguka, na alipoanza kuandika, herufi zilitokea nyuma ya vidole vyake kama mwangwi. Bando la wiki lilimalizika katika siku mbili kwa kupakua tu. Alipolalamika aliambiwa atafute kompyuta nyingine. Akaja akaniambia, "Mwalimu, kompyuta yangu haifai kwa kazi ya programu." Tazama maneno hayo, msomaji. Hakuna aliyemwambia kwamba edita ile haifai kwa kompyuta yake. Aliambiwa kompyuta haifai, na kutoka hapo mpaka kuamini kwamba yeye mwenyewe hafai ni hatua moja.

Kompyuta ile ilifaa. Bill Joy aliandika vi kwenye mashine iliyohudumia watu wengi kwa pamoja, nayo memori yake haikufika hata sehemu moja ya mia ya aliyokuwa nayo binti huyu peke yake. Tuliondoa kila kilichokuwa kizito, tukatia mfumo mwepesi wa Linux, na ndani yake edita iitwayo nano, ambayo huandika amri zake chini ya skrini ili mgeni asipotee. Siku ya tatu aliandika programu ya kukokotoa bei ya samaki kwa uzito. Hakuna muujiza hapo. Alikuwa na akili tangu mwanzo, na kompyuta alikuwa nayo tangu mwanzo. Kilichokuwa kimezidi ni mzigo.

Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza ni ya haki. Edita inayotumiwa mno hivi sasa, Visual Studio Code ya kampuni ya Microsoft, ilitoka 2015. Imejengwa juu ya injini ya kivinjari cha intaneti, kwa hiyo anayeifungua huwa amefungua kivinjari kizima kabla hajaandika neno. Haitozwi pesa, na hilo ndilo ninalojibiwa kila ninaposema: "Ami, kwani si bure?" Bure hiyo ni ya mwenye memori, mwenye bando na mwenye mfumo mpya. Wenye Windows 7 ilikwisha kuwaacha pwani. Mtu anayeishi mahali ambapo kompyuta hubadilishwa kila miaka mitatu hawezi kuuona mzigo huu, kama mwenye gari asivyoujua urefu wa njia ya Bububu. Lakini sisi wa huku tunaouona, tumepata wapi ruhusa ya kuwawekea watoto wetu masharti ya watu wa kule?

Hoja ya pili ni ya elimu. Mtoto wa chuoni zamani alianza na ubao na wino. Aliandika alifu kwa mkono wake, akafuta, akaandika tena, na mwalimu hakumshika mkono maisha yake yote. Tulijua, bila ya kusomea ualimu, kwamba herufi huingia kichwani kupitia vidoleni. Edita iliyosheheni huvunja kanuni hiyo. Mwanafunzi akiandika herufi mbili, edita humletea orodha ya maneno achague. Akisahau mabano, humfungia. Na tangu 2021, ilipotoka GitHub Copilot na wenziwe waliofuata, humwandikia sentensi nzima, naye kazi yake ni kukubali. Nimewaona vijana wenye vyeti vizuri ambao, nikiwapa edita tupu na kuwaambia waandike mistari kumi ya kuhesabu wanafunzi waliofaulu, huitazama skrini kama mtu aliyepelekwa Pemba usiku akaambiwa aongoze njia. Si wajinga. Hawajawahi kuandika, wamekuwa wakichagua tu.

Nitajibiwa kwamba fundi mkubwa huko Ulaya na Marekani anatumia msaidizi huyo huyo na kazi yake inakwenda mbio. Sikatai. Huyo anajua anachokikubali na anachokikataa, maana alikwisha kuandika kwa mkono miaka kumi. Mafundi wa vyombo niliokua nikiwaona pwani walimpa mwanafunzi tezo, msumeno na keekee, wakamweka siku nyingi kutia kalafati kati ya mbao. Mashine ya umeme ikija baadaye humkuta anaujua ubao: unapasuka wapi, unapinda wapi. Aliyeanza na mashine hujua kubonyeza. Mbao zikigoma humwita fundi.

Hoja ya tatu ni ya kazi yenyewe. Programu nyingi za leo haziishi katika kompyuta ya mwandishi wake. Zinaishi katika seva, aghalabu ya mfumo wa Linux, aghalabu nje ya nchi, na mtu huifikia kwa kamba nyembamba ya intaneti na skrini nyeusi isiyo na picha wala kipanya. Katika seva za namna hiyo, takriban zote, vi au nduguye yumo. Edita ya mapambo kwa kawaida haimo. Zipo njia za kuifikia seva kwa kutumia edita kubwa ukiwa mbali, najua, ila njia hizo hutaka intaneti nene na seva yenye nafasi. Ilitokea katika afisi moja mjini kwamba programu ya malipo ilisimama asubuhi ya mwisho wa mwezi, intaneti ikiwa ya kudondoka tone kwa tone. Vijana watatu waliokuwa na ujuzi wa kutosha walikaa wakisubiri edita zao ziungane na seva. Wa nne, aliyepita katika chumba chetu cha Malindi, alifungua vi, akasahihisha mstari mmoja, akahifadhi. Watu wakalipwa mshahara kabla ya adhuhuri. Ile modemu ya Bill Joy ya 1976 na intaneti ya siku ile zilikuwa ndugu, na chombo kilichoundwa kwa ajili ya moja kiliifaa nyingine.

Na sisi Waunguja tuna sababu yetu ya ziada. Umeme wetu hutoka bara kwa waya wa chini ya bahari. Mwaka 2008 tulikaa gizani takriban mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tulikaa miezi mitatu hivi. Waya mpya uliolazwa 2013 umetupunguzia shida, lakini aliyeyapitia yale hawezi kuyasahau. Niliandika wakati ule kwa betri iliyochajiwa kwenye jenereta ya jirani kwa kupokezana, saa moja kwa siku, na watoto wa nyumba wakisubiri zamu zao za kuchaji simu. Katika saa ile moja sikuwa na dakika za kuisubiri edita ijipambe. Kijana mmoja amewahi kuniuliza kama nataka turudi kwenye taa ya chemni. Nilimjibu kwamba taa ya chemni tuliirudia miezi mitatu bila ya kutaka, na aliyekuwa ameiuza yake alijuta.

Hoja ya nne ni ya umri. Wazee walitukataza kuacha mbachao kwa msala upitao. Kampuni ya GitHub ilileta edita iitwayo Atom mwaka 2014, ikashangiliwa sana, watu wakaandika vitabu vya kuisomesha. Disemba 2022 ikazikwa na kampuni ileile iliyoizaa. Adobe nao walikuwa na Brackets. Msaada wao ukakoma 2021. Kila mara maelfu ya watu hulazimika kujifunza upya vitufe, viongezeo na mpangilio, kana kwamba wamehamishwa nyumba usiku. Hata Notepad, kile kidaftari cha Windows kilichokuwepo tangu 1985 na kilichopendwa kwa sababu kilikuwa hakijui kitu, kimeongezewa kurasa nyingi mwaka 2023, kisha kusahihisha tahajia, kisha msaidizi wa kukuandikia upya sentensi zako. Na WordPad iliondolewa kabisa katika Windows ya 2024. Aliyejifunza vi mwaka 1980 anaifungua leo, na vidole vyake vinakuta kila kitu pale alipokiacha.

Umri huo ni wa maandishi pia. Afisi moja niliyopata kuifanyia kazi iliweka rejista yake yote ndani ya programu ya kifahari iliyohifadhi mafaili kwa namna yake peke yake. Muuzaji alifunga biashara, kompyuta zikabadilishwa, na rejista ile leo imo katika diski kama barua ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake umetupwa baharini. Orodha zilizoandikwa miaka hiyohiyo kwa herufi tupu zinafunguka mpaka kwenye simu.

Sasa niwape wapinzani haki yao, maana mjadala wa upande mmoja ni hotuba. Wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba wapo watu ambao edita iliyosheheni kwao ni mkono na jicho. T. V. Raman, mtaalamu asiyeona, alitengeneza katikati ya miaka ya 1990 mfumo uitwao Emacspeak, unaoisemesha Emacs kwa sauti, na akauweza kwa sababu Emacs ilikuwa imeachwa wazi kuongezewa kila kitu. Edita ya kimya isingemfaa. Ya pili inatugusa sisi wenyewe. Kiswahili chetu kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na anayetaka kunakili hati za kale za namna hiyo anahitaji chombo kinachojua kwenda kulia na kushoto katika ukurasa mmoja. Emacs iliupata ujuzi huo katika toleo la 24 la mwaka 2012, na edita nyingi nyepesi bado huchanganyikiwa herufi zikigeuka njia. Kwa kazi hizo mimi mwenyewe nasema: chukua kikubwa. Anayehitaji jahazi hapewi ngalawa.

Lakini angalia, hoja zote mbili zimesimama juu ya haja ya mtu maalumu kwa kazi maalumu. Hakuna hata moja inayosema kwamba kila anayeanza apewe jahazi siku ya kwanza, tena kwa mkopo.

Na sitaiacha kambi yangu bila ya kuigusa, kwa sababu imejaa watu wenye kiburi. Wapo wanaoivaa vi kama kilemba. Hufurahi mgeni anapoingia ndani yake akashindwa kutoka, na kweli wanaoshindwa ni wengi: mwaka 2017 ilitangazwa kwamba swali la namna ya kutoka ndani ya Vim, lililoulizwa katika mtandao wa Stack Overflow, lilikuwa limetazamwa zaidi ya mara milioni moja. Badala ya kumfundisha mtu herufi tatu na kitufe kimoja humcheka, kisha hushangaa kwa nini vijana hukimbilia kwenye rangi na picha. Hawa nawaambia kwamba wepesi usiofundishwa ni uzito wa namna nyingine. Herufi d, inayofuta katika vi, ni kifupisho cha neno la Kiingereza; kwetu ingekuwa f, ya futa. Kijana wa skuli ya Kiswahili haoni uhusiano wowote hapo mpaka aelezwe. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za afisi zenye amri za Kiswahili, wakaonesha kwamba lugha yetu ina maneno ya kutosha kwa kazi hizi. Kambi yangu ilikuwa wapi siku hiyo? Ilikuwa ikibishana vi na Emacs, kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwanzoni simpi mwanafunzi vi. Nampa nano, yenye msaada wake chini ya skrini, na vi namletea pale atakapoihitaji, pamoja na karatasi moja ya amri niliyoiandika kwa Kiswahili.

Ninachokitaka si kikubwa. Nataka vyuo vyetu vya Unguja na Pemba, na vyumba kama changu, viwaanzishe wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika edita tupu, angalau muhula mmoja, na mtihani wa muhula huo ufanyike humohumo. Orodha ya mahitaji ya somo isiwe na kitu kinachodai kompyuta ambayo mzazi wa Malindi, Ng'ambo au Mkokotoni hana uwezo wa kuinunua. Afisi zetu ziandike kumbukumbu zake katika mafaili ambayo edita yoyote inaweza kuyafungua, ili wajukuu wasije kumtafuta muuzaji aliyekwisha kufa. Mwenye kutaka karakana baada ya hapo, aijenge kwa pesa zake na kwa ujuzi wake. Hapo atakuwa anajua kila chombo kilichomo kinafanya nini, na kipi hata hakihitaji.

Wapo watakaosema tunawarudisha vijana nyuma wakati dunia inakwenda mbele. Wenye hofu hiyo nawakaribisha Malindi jioni yoyote baada ya alasiri. Waje na kompyuta zao mpya, wakae meza moja na wale wenye zile kuukuu, wote wapewe edita tupu na swali moja, kisha tuhesabu nani amemaliza. Kahawa ni juu yangu.